Kira Meru: Msaliti au Mateka?

Katika tamthilia ya bunilizi ya kisayansi Star Trek: Deep Space Nine, Kira Meru ni mhusika mdogo, kisa chake kinasimuliwa katika sehemu moja tu, ya mwaka 1998. Binti yake, Meja Kira Nerys, alikua akiamini kwamba mama yake alikufa kwa utapiamlo katika kambi ya wakimbizi. Anaporudishwa nyakati za nyuma, anamkuta akiishi na Dukat, kamanda wa jeshi linaloikalia Bajor, sayari yao. Anamwona msaliti, anatega bomu.

Anabadili nia dakika za mwisho, Meru anapolia akitazama ujumbe wa mumewe: watoto sasa wanakula.

Kwa maoni yangu, mwandishi anaifinyanga hoja vibaya anapomfanya Meru amsifu Dukat. Mtazamaji anabaki kujiuliza kama alimpenda, badala ya kujiuliza kama angeweza kukataa. Askari walimtoa kambini kwa nguvu, na chakula kilichomkuza Nerys hadi akawa mpiganaji wa ukombozi kilipatikana kwa mwili wa mama yake. Basi mpiganaji huyo anamhukumu nani?