Uchaga Juu ya Mafiga: Jinsi Mji wa Kigiriama Ulivyojilisha

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Wagiriama wa pwani ya Kenya walipokuwa wakitoka Kaya Fungo, makao yao ya kale yenye ngome katikati ya msitu, na kutawanyika kuelekea kaskazini hadi kuuvuka mto Sabaki, nguzo ya uchumi wao ilikuwa mji, yaani makazi ya mzee mmoja, wake zake, wanawe waliooa na wajukuu. Hudhaniwa kwamba mji huo ulijitosheleza kwa sababu ardhi ilikuwa tele. Ilikuwa tele kweli, lakini mvua za bara ya Malindi na Kilifi hazitabiriki, na kilichouvusha mji kutoka mavuno hadi mavuno kilikuwa hasa ufundi wa kuhifadhi.

Mahindi yaliwekwa juu ya uchaga, ambao kwa Kigiriama huitwa lutsaga, nao ni dari ya fito iliyojengwa ndani ya nyumba juu ya mafiga. Hayakupukuchuliwa, bali yalipandishwa yakiwa na maganda yake, kwa kuwa ganda lililofunga vyema humzuia fukusi, mdudu atoboaye punje, na moshi wa kuni uliondoa unyevu na kufukuza wadudu waliosalia. Mpishi aliteremsha ya kutosha siku hiyo tu, akayapukuchua, akayatwanga kinuni na kusonga sima. Mahindi yaliyojaa punje vizuri yalitengwa kuwa mbegu, yakafungwa mafungu kwa maganda yake yenyewe na kuning'inizwa penye moshi mzito. Kila mke alikuwa na jiko lake, na kwa hiyo akiba yake, jambo ambalo kwa mchambuzi ni muhimu kuliko linavyoonekana: panya wakivamia uchaga mmoja, au cheche ikishika paa, mji haukupoteza chakula chote.

Shambani, mahindi na mtama vilipandwa kwa mvua za mwaka, zinazoanza karibu na Aprili, na kunde na pojo zikachanganywa humo, huku vuli ikitoa mavuno madogo ya pili. Muhogo uliachwa ardhini mpaka uhitajike, au ukamenywa, ukakatwa na kuanikwa kuwa makopa. Palizi, kazi iliyoushinda mji mmoja, ilifanywa kwa ujima, majirani wakialikwa na kulipwa chakula na tembo.

Tembo hilo lilitoka kwenye minazi ya ukanda wa Kaloleni, ambako mgema alipanda akiwa na kotama, kisu kikali cha kazi hiyo, akakata ncha ya kole changa na kukinga utomvu wake kibuyuni. Mnazi huohuo ulitoa tui, makuti ya kuezekea na makumbi ya kusokotea kamba, lakini haukustawi sehemu kavu kama Bamba, zilizofaa zaidi mifugo, hivyo miji ya pande hizo ilibadilishana mali. Majembe ya chuma na nguo vilipatikana kwa kupeleka nafaka na pembe za ndovu katika bandari za Waswahili, Takaungu na Malindi zikiwemo. Kujitosheleza, basi, kulihusu chakula, wala hakukumaanisha kujitenga.

Uchaga nao ulikuwa na kikomo, kwani ukame wa misimu iliyofuatana uliumaliza. Njaa ya mwisho wa karne hiyo ilikumbukwa kwa jina la Magunia, kutokana na magunia ya nafaka iliyoletwa kutoka nje. Pigo la 1914 lilikuwa la namna nyingine: baada ya Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, kuchochea upinzani dhidi ya utawala wa kikoloni, Waingereza walilipua Kaya Fungo, wakachoma nyumba na kuwahamisha kwa nguvu waliolima kaskazini mwa Sabaki, ambako nafaka ilistawi kuliko kwingineko. Hapo si ufundi wa kuhifadhi ulioshindwa, kwa maana aliyefukuzwa shambani mwake hakuwa tena na cha kupandisha juu ya uchaga.