Haizunguki au Haiwaki? Uhakiki wa Rasimu ya Istilahi za Injini ya Dizeli ya Mashua ya Tanga

Tumeletewa rasimu ya maelekezo ya kutafuta kasoro katika injini ndogo za dizeli zifungwazo ndani ya mashua za tanga, pamoja na orodha ya istilahi, ili tuitolee maoni kabla haijapigwa chapa. Injini za namna hii hazisukumi chombo safari nzima. Kazi yake ni kukiingiza na kukitoa bandarini, na kukinusuru pale upepo unapokoma au unapokisukumia mwambani. Kwa hiyo siku injini inapogoma aghalabu ndiyo siku inapohitajiwa zaidi, na nahodha mwenye maelekezo hayo mkononi hana wasaa wa kukisia maana ya neno. Kwa kipimo hicho ndicho tunachoihakiki rasimu hii.

Kasoro kubwa imo katika kitenzi kimoja. Mfasiri ametumia "kuanza" kila mahali: injini haianzi, anza injini, injini ikianza. Mafundi wetu tangu zamani wametenga mambo mawili hapa. Kuna kupiga stata, yaani kuizungusha injini kwa nguvu ya betri, na kuna injini kuwaka. Injini isiyozunguka humpeleka fundi kwenye betri, nyaya na stata yenyewe. Huenda ncha ya waya imeota kutu ya chumvi tu. Injini inayozunguka vizuri bila kuwaka humpeleka kwenye mafuta, hewa na joto. Ile inayozunguka kwa uvivu huwa na sura ya kasoro ya pili, kumbe ina ya kwanza, kwa kuwa mwendo wa polepole hauipi hewa joto la kutosha. Mtu akiambiwa kwamba injini "haianzi" hajaambiwa aanzie wapi.

Yamkini msomaji atasema tunabishania maneno. Basi na atazame sura ya kupoza injini. Injini ya mashua aghalabu hupozwa kwa maji ya bahari, ambayo mwishowe huchanganywa na moshi na kutolewa nje pamoja nao. Injini inapozungushwa kwa stata bila kuwaka, pampu huendelea kuvuta maji, lakini hakuna moshi wenye nguvu ya kuyasukuma nje. Maji hujaa katika sailensa, hupanda, na yaweza kurudi mpaka ndani ya silinda. Maji hayashindiliki, pistoni ikiyakuta yaweza kupinda mkono wake. Ndiyo sababu inapobidi kupiga stata mara nyingi, koki ya maji ya bahari hufungwa, kisha hufunguliwa mara tu injini inapowaka. Rasimu, kwa kuwa haina neno jingine, yaonya kwamba injini isianzwe kwa muda mrefu koki ikiwa wazi. Nahodha mtiifu ataifunga koki, injini itawaka, naye ataiacha koki imefungwa. Kabla hajafika mbali pangaboi la mpira la pampu litakuwa limekatika kwa kukosa maji. Onyo lililokusudiwa kuiokoa injini ndilo litakaloiharibu.

Tukija kwenye nguvu inayowasha dizeli, tangu injini ya Rudolf Diesel ilipofaulu majaribio huko Augsburg mwaka 1897 kanuni imebaki ile ile: hewa hubanwa ndani ya silinda, katika injini nyingi ndogo hadi kiasi cha moja ya ishirini ya ujazo wake, mpaka joto lake lipite nyuzi 500 za Selsiasi, na mafuta yanayopulizwa humo huwaka yenyewe. Rasimu yaita kitendo hiki "ukandamizaji". Neno si kosa kwa mizizi yake, ila limekwisha kutwaliwa na siasa, na kila msomaji atawaona wakoloni kabla hajaiona pistoni. Sisi twapendelea "mshindilio". Aliyewahi kushindilia baruti katika gobori, au mchele katika pishi, hahitaji kufafanuliwa.

Kuhusu hewa iliyonaswa katika mabomba ya mafuta, Kiingereza hutumia neno la damu, na tunamshukuru mfasiri kwa kutolifuata. Amechukua "kutoa upepo", kama wasemavyo mafundi wa magari. Gereji neno hilo latosha. Ndani ya mashua upepo ni ule ulio katika tanga, na baharia akiambiwa atoe upepo atakwenda kulegeza demani badala ya kushika spana. Twapendekeza "kutoa hewa", na maelezo yaseme wazi kwamba kazi huanzia kwenye chujio, ikaenda kwenye pampu, ikaishia kwenye nozeli. Skrubu hulegezwa hadi mafuta yatoke bila mapovu.

"Plagi" peke yake haifai kwa kile kipasha joto cha silinda, kwa sababu fundi wa injini za petroli atatafuta cheche ambayo dizeli haina. Tulifikiria "kipashio", lakini wanaisimu wametutangulia. "Hita" inatosha. "Wenzo wa kulegeza mshindilio" ni istilahi nzuri, ndefu kidogo.

Mahali rasimu inaposema "moshi usio wa kawaida" pagawanywe. Injini ikizungushwa bila kutoa moshi wowote, huenda mafuta hayafiki. Ikitoa moshi mweupe, mara nyingi mafuta yanafika ila hayaungui. Mweusi ni dalili ya hewa haba au mafuta kupita kiasi.

Rasimu tumeirudisha kwa mwenyewe. Neno la chujio linalotenga maji na mafuta bado hatujalikata: "kitenga-maji" limependekezwa, na wajumbe wawili wanashikilia "chujio la maji", ambalo kwetu linamaanisha kitu kingine jikoni.