Shamba Lisilosimuliwa: Kasongo na Kabambare katika Tawasifu ya Hamed bin Muhammed

Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, imesomwa kwa muda mrefu kama ghala la habari za historia. Wanahistoria wameingia humo kutafuta majina ya watawala, njia za misafara na hesabu za pembe, wakatoka na walichokitaka. Wahakiki wa fasihi, kwa upande wao, wameridhika kuitaja kuwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa katika Kiswahili, kisha wakakimbilia kwa Shaaban Robert. Makala haya yanaichukua kama kazi ya usimulizi, na yanaielekea kwa swali moja. Mwenye maisha haya alikuwa mpiganaji, mfungua njia na mwenye mashamba. Ni nani kati ya hao watatu anayesimulia, na ni nani anayenyamazishwa?

Kwanza, mazingira ya kuandikwa kwake. Mwandishi alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60, amekwisha kurudi Unguja, Heinrich Brode alipomwomba aandike habari za maisha yake. Aliziandika kwa hati za Kiarabu. Brode akazigeuza katika hati za Kirumi na kuzichapisha Berlin, pamoja na tafsiri ya Kijerumani, mwaka 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley alitoa toleo lenye tafsiri ya Kiingereza, na mwaka 1974 François Bontinck akatoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi kuliko matini yenyewe. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba msimulizi alikuwa na msikilizaji, na msikilizaji huyo alikuwa Mjerumani, mtu wa taifa lililokwisha kuitwaa Mrima. Dola ya msimulizi bara ilikuwa imevunjika miaka kumi kabla: majeshi ya Dola Huru ya Kongo yakiongozwa na Dhanis yaliingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, na mwanawe Sefu akafa katika vita hivyo, baba akiwa Unguja. Hata hivyo matini haya hayana sauti ya maombolezo. Mzee anasimulia kama mtu anayefunga daftari.

Neno daftari halitumiki hapa kwa mapambo. Fani ya tawasifu hii imejengwa juu ya vitu viwili: mazungumzo na hesabu. Vitenzi vyenye kiambishi -ka- vinafuatana kwa mwendo wa msafara, mtu akamwambia mwenzake, mwenzake akajibu, wakaondoka, wakafika, wakapigana. Katikati ya mwendo huo hutokea frasila, reale na majina ya wadeni. Taria Topan, Mhindi tajiri wa Unguja aliyemkopesha bidhaa, anaandama masimulizi haya kama mhusika mkuu wa pili, ingawa haonekani barani hata mara moja. Mandhari hayamo. Msomaji anaweza kuvuka Tanganyika na kufika Lualaba bila kuambiwa maji yalikuwa na rangi gani. Wapo wanaoona upungufu katika hilo, na hawakosei endapo wanatafuta riwaya. Lakini ukavu huu ndio unaoyapa matini ukweli wake wa kisanaa, kwa sababu mfanyabiashara aliyekopa huiona nchi kwa umbali, kwa ushuru wa njiani na kwa urafiki wa watawala wake.

Ustadi huo unafikia kilele katika habari za Utetera, nchi iliyo magharibi ya Lualaba, zinazotangulia kukaa kwake Kasongo. Hapo msimulizi anaeleza jinsi alivyosikia kisa cha ndugu wa kike wa mtawala waliotekwa zamani na kupelekwa Urua, na jinsi alivyojitokeza mbele ya mtawala mzee, Kasongo Rushie, kama mjukuu wa mmoja wa mateka hao. Mzee akampokea, akamkabidhi nchi. Kisa hiki kina umbo la ngano: mtoto aliyepotea anarudi, naye ndiye mrithi. Msimulizi anashughulika zaidi na jinsi nasaba hiyo ilivyofanya kazi kuliko na ukweli wake. Bunduki alikuwa nazo, na miaka michache nyuma alikwisha kuzitumia dhidi ya Nsama wa Itabwa, alikopata majeraha ya mishale na pembe nyingi. Utetera aliitwaa kwa hadithi. Ni nadra kupata katika nathari yetu ya zama hizo mahali ambapo msimulizi anaonyesha waziwazi kwamba kusimulia ni silaha, na kwa hiyo msomaji anayo haki ya kumtilia shaka katika kurasa zinazofuata.

Kutoka huko ndipo tunapofika Maniema ya kusini. Kasongo ikawa makao yake makuu, na Kabambare kituo cha njiani kwa misafara iliyovuka ziwa na kuelekea Lualaba. Katika tawasifu mahali hapa pawili ni vituo tu. Watu wanafika, wanapokea barua, wanapatana, wanaondoka. Stanley, aliyekutana na Hamed mwaka 1876, anapewa nafasi kubwa, na kisa chao kimejaa kejeli tulivu. Stanley mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1878, alitaja malipo ya dola 5,000 kwa kusindikizwa mwendo wa vituo 60. Hamed anasisitiza kwamba hakwenda kwa tamaa ya fedha, kisha anaeleza kwamba baada ya ahadi nyingi alicholetewa kilikuwa picha ya Stanley. Hahitaji kuongeza neno.

Lakini Kabambare ina shahidi mwingine. David Livingstone alizuiliwa huko, katika nchi aliyoiandika Bambarre, kwa miezi mingi ya mwaka 1870 na mwanzo wa 1871, vidonda vya miguu vikimnyima kutembea. Aliandika shajara kwenye karatasi kuukuu kwa kukosa madaftari. Sehemu iliyoandikwa baadaye Nyangwe kwa wino wa matunda juu ya kurasa za gazeti ilififia kiasi cha kutosomeka, hata wataalamu walipoifufua kwa picha za mionzi maalumu na kuichapisha mwaka 2011. Humo mna mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, ambapo watu wa msafara walifyatulia bunduki umati wa wauzaji na wanunuzi, wengi wao wanawake, na mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Hamed hakuwapo, wala haingekuwa haki kumbebesha damu hiyo. Linalohusu uhakiki ni tofauti ya hesabu: katika nchi moja, miaka ileile, shajara inahesabu waliokufa na tawasifu inahesabu pembe.

Shahidi wa tatu ndiye mwenye uzito zaidi kwa hoja hii. Sidney Langford Hinde, daktari Mwingereza aliyefuatana na jeshi la Dhanis, alichapisha mwaka 1897 kitabu juu ya kuanguka kwa Waarabu wa Kongo. Anaieleza Kasongo kama mji uliojengwa vizuri, msitu umefyekwa pande zote kwa maili kadhaa, miwa, mahindi na matunda yamestawi, na shamba moja la mpunga alilichukua muda wa saa moja na nusu kulipita akiwa juu ya mnyama. Basi mkulima yupo. Yupo katika kitabu cha aliyemshinda, na katika kitabu chake mwenyewe hayupo. Ndivyo ilivyo pia kwa Unguja, ambako uzee wake uliegemea mashamba: kwa hesabu iliyozoeleka alikuwa na mashamba saba na watumwa wapatao 10,000. Mtu huyu anayekumbuka deni la mfuko mmoja wa shanga hasemi ni nani aliyepanda mpunga wa Kasongo.

Ukimya wa namna hii si wake peke yake. Unaonekana tena katika maandishi ya walowezi wa Kenya, ambako mpiganaji, mfungua njia na mkulima hukutana kwa mara nyingine katika mtu mmoja, safari hii angani. Mfano bora ni Tom Campbell Black. Alirusha ndege katika Vita Kuu ya Kwanza akiwa katika kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza, akaja kulima Rongai, na mwaka 1929 akawa meneja na rubani wa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa na Florence Kerr Wilson. Mwaka 1934 yeye na C. W. A. Scott walishinda mashindano ya ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne, na mwaka 1936 akafa katika ajali uwanjani Liverpool. Anakumbukwa hasa kwa kalamu ya Beryl Markham, aliyejifunza urubani kwake na kuandika *West with the Night* (1942). Humo Black ni mwalimu, ni utulivu, ni sauti ya injini usiku. Ukulima wake hauna uzito. Sababu haiko mbali: shamba la mlowezi lilifyekwa na maskwota, ambao sheria ya mwaka 1918 iliwadai kazi ya siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Ndege hupaa kwa mkono wa mtu mmoja, na mtu huyo husimuliwa kwa urahisi. Shamba husimama kwa mikono ya wengi, na mwandishi akilitaja itambidi awataje.

Tofauti isifichwe, hata hivyo. Rubani wa Markham anaiona nchi kutoka juu, nayo humtokea kama upana na ukimya, ingawa kitabuni wamo Wanandi wenye majina na heshima zao. Nchi ya Hamed haina hata hatua moja isiyo na mwenyewe. Kila kilima kina mtawala, kila mtawala ana wajomba na maadui, na mgeni hupita kwa kujua nani ni nani. Hili ndilo linaloipa tawasifu yake ubora juu ya vitabu vingi vya wafungua njia wa Kizungu, na anayeisoma kwa chuki tupu atalikosa.

Huenda ikasemwa kwamba fani ya habari za safari haikuwa na nafasi ya kilimo. Hoja hiyo haisimami. Mwaka uleule wa 1903 Carl Velten alichapisha *Desturi za Wasuaheli*, kazi iliyotokana hasa na kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, na humo ukulima na hali ya watumwa vinaelezwa kwa utaratibu. Nathari ya Kiswahili iliweza kulisema shamba. Hamed alichagua kutolisema, na uchaguzi wa msimulizi ni mali ya mhakiki.

Kwa wasomaji wa Maniema suala hili si la kinadharia. Kiswahili cha Kasongo na Kabambare kilifika kwa misafara hiyohiyo, na kimeitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana, ingawa wengi wa walioieneza hawakuwa waungwana kwa kuzaliwa. Walikuwa wapagazi, askari wa bunduki, masuria na wakulima wa mpunga ule, na wengine wao ndio mababu wa Wamanyema wa Ujiji na wa Kariakoo, Dar es Salaam. Katika tawasifu ya Hamed hao ni idadi. Mwalimu anayeifundisha angefanya vyema kuiweka mezani pamoja na *Uhuru wa Watumwa* (1934) ya James Mbotela, ambayo fani yake ni dhaifu zaidi na sifa zake kwa Waingereza ni nyingi mno, lakini ambamo anayetembea katika msafara akiwa amefungwa ana jina, ana kwao, na anaulizwa alikula nini njiani.