Mlango Ulirudishiwa

Kabla hajamuuliza aliyebakwa lolote, mpelelezi aliyefunzwa vizuri huzima simu, hufunga mlango na kuvuta kiti akae ubavuni, si ng'ambo ya meza. Halafu husema, "Dada, nieleze, anzia popote unapoweza." Kisha hunyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kugumu kufundisha. Askari aliyezoea kuhoji wezi ana haraka: saa ngapi, wapi, ikawaje? Aliyebakwa huenda akakumbuka harufu ya mafuta ya taa kabla hajakumbuka saa. Mwili nao huweza kuganda kwa hofu, sauti isitoke, ndiyo maana askari mwanafunzi huzuiwa kabisa kuuliza, "Kwa nini hukupiga kelele?"

Sheria ya Tanzania ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kwa mbakaji kifungo kisichopungua miaka 30. Adhabu hiyo kali inategemea karatasi anayoiandika askari wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mtoto anasema, "Alinifanyia tabia mbaya." Mvivu huandika "alinibaka" akafunga jalada. Fundi huandika "tabia mbaya" vilevile, kisha huuliza taratibu, "Ukisema tabia mbaya, alikufanya nini?" Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshasema mara nyingi kwamba ushahidi bora wa kubakwa ni wa aliyebakwa mwenyewe. Siku ya kesi, wakili akikuta katika maelezo neno ambalo mtoto hakulitamka, atamng'ang'ania mtoto, si askari.

Vielelezo pia vina adabu yake. Nguo yenye unyevu haitiwi kwenye mfuko wa plastiki, maana itaota ukungu na vinasaba viharibike. Huachwa ikauke, kisha kila nguo hutiwa kwenye bahasha yake ya kaki, ikapigwa lakiri, na kila anayeipokea anasaini hadi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ila hospitali hutangulia yote hayo: dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na maelezo marefu yanaweza kungoja.

Mwisho, dada husomewa alichokisema. "Hapana," anasema, "sikusema mlango ulifungwa. Ulirudishiwa tu." Mpelelezi hakasiriki wala hachani karatasi. Hukata neno kwa mstari mmoja, huandika "ulirudishiwa" juu yake, kisha humpa dada kalamu asaini pembeni.