Mwili katika Sanaa ya Nyatiti

Tahakiki za nyimbo za Waluo wa Homa Bay na Migori aghalabu hupima maneno na kuusahau mwili. Mpiga nyatiti hupiga nyuzi 8 kwa vidole, huimba, na papo hapo hugonga kiunzi cha ala kwa oduong'o, pete ya chuma ivaliwayo kidole gumba cha mguu. Kwa hiyo ulemavu unaozidi hatua kwa hatua humwondolea msanii sehemu ya ala yenyewe. Mwana Kupona, mgonjwa alipotunga utendi wake mwaka 1858, aliyafanya maradhi kuwa sababu ya kumwusia bintiye; ulimi na kumbukumbu vilimtosha. Mguu wa mpiga nyatiti ukinyamaza, mhakiki asikimbilie kusema sanaa imechuja. Anukuu kimya hicho pia, kisha achunguze jinsi sauti na nyuzi zinavyoubeba mdundo ulioachwa.