Kati ya Hakuna na Hakukuangaliwa

Kwenye shamba la maharage huko Isansa, wilayani Mbozi, nililaza fremu ya mbao chini, mita moja kwa mita moja, nikainama kuhesabu magugu. Kishona nguo, miche minne. Ndago, mashina mawili. Sangari, sifuri. Mama mwenye shamba alikuwa kando, jembe begani.

“Umeandika hakuna sangari?”

Nikaitikia. Akapiga jembe mara moja ndani ya fremu, akainua donge la udongo na kulivunja kiganjani. Nyuzi nyeupe, ngumu, zenye ncha kama sindano, zilikuwa zimelipenya kila upande.

“Nimepalilia juzi, mwanangu. Njoo wiki ya pili.”

Fremu haikudanganya, ilisema kilichokuwa juu ya ardhi siku ile. Mama alisema kinachojirudia shambani mwake msimu hadi msimu. Kauli hizo mbili zinapowekwa pamoja ndipo unapoanza ufundi ninaousifu hapa, wa kuunganisha takwimu za magugu zilizokusanywa na watu tofauti, kwa vipimo tofauti na kwa maswali tofauti.

Asiyeujua hudhani ni kazi ya kujumlisha. Lakini huyu amehesabu mashina, yule ametazama shamba akalipa alama kuanzia 0 hadi 5, mwingine ameketi chini ya mibuni na dodoso akiuliza gugu gani linasumbua. Na yupo mkusanyaji wa zamani aliyekata shina moja kando ya njia, akalikausha, akalibandika kwenye karatasi pamoja na tarehe na jina la mahali. Huwezi kuyamwaga yote kwenye debe moja. Mkulima hutaja kwanza gugu linalomvunja mgongo, hata kama si lililo jingi kuliko yote. Mkusanyaji hakuandika popote pale alipopita bila kuona kitu. Hata majina yanateleza: “kiduha” cha kwenye dodoso chaweza kuwa kile kifupi cha maua mekundu, au kile kirefu cha maua ya zambarau.

Kiduha ndicho kinachompima fundi hasa. Mbegu yake ni kama vumbi, na yaweza kusubiri ardhini zaidi ya miaka 10 mpaka ihisi kemikali inayotoka kwenye mzizi wa mahindi, mtama au mpunga. Ikiota hujishika kwenye mzizi huo na kunyonya kwa wiki kadhaa gizani kabla ya kuchomoza. Anayepima wakati wa palizi ya kwanza ataandika sifuri katika shamba lililokwisha kuvamiwa. Wakati huohuo mkulima anamwambia mwenye dodoso kwamba mahindi yananyauka na mvua ipo. Ukisoma karatasi moja tu, umepotea.

Mfano mzuri hauko mbali nasi. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, wakulima wa mpunga wanalijua gugu jingine linalonyonya mizizi, wanaliita mbosyo. Maua yake meupe hufunguka usiku. Mwaka 2015 Stella Kabiri na wenzake walitoa utafiti uliofuata mteremko kutoka mashamba ya juu hadi bondeni, wakaonyesha kwamba kiduha hukaa juu kukavu na mbosyo hukaa chini kwenye maji. Aliyepima juu tu angeapa kwamba Kyela haina mbosyo. Mwaka uliofuata Jonne Rodenburg na wenzake walichukua kumbukumbu za mimea iliyokaushwa, wakazioanisha na takwimu za mashamba ya mpunga wa mvua barani Afrika. Walikadiria kwamba magugu nyonyaji yalikuwa yamevamia hekta milioni 1.34 na kuathiri kaya 950,000. Karatasi zilizokuwa zimelala kwenye makabati zikawa na la kumwambia mlaji wa wali.

Mafundi hawa nawapendea hasa heshima yao kwa nafasi tupu. Kabla ya kuijaza wanauliza: hapa hakuna, au hapa hakukuangaliwa? Nani alipita, mwezi gani, kabla ya jembe au baada yake? Ni kazi ya macho na subira, na sehemu kubwa yake hakuna atakayeiona kwenye ramani iliyokamilika.

Wiki ya pili nilirudi Isansa. Sangari ilikuwa imechomoza katikati ya mistari ya maharage, majani membamba ya kijani kibichi. Nilihesabu upya, mama akinishikia fremu. Sifuri ya kwanza sikuifuta. Pembeni yake niliandika tarehe ya palizi, kama alivyonitajia.