Karama, Kapera na Kiti cha Enzi

Plato alishikilia kwamba maovu ya miji hayatakoma mpaka wanafalsafa watawale, au watawala wenyewe wawe wanafalsafa. Alipokwenda Syracuse kumfunza Dionysius wa Pili, juhudi zake hazikufua dafu. Fasihi ya Kiswahili nayo imeligusa swala hili zaidi ya mara moja, ila kwa namna ya pekee: mwenye hekima hupewa ulimi akiwa mshtakiwa, na mtunzi anapomkalisha kitini humnyang'anya ulimi huo.

Mfano ulio bayana ni Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, na utetezi wake ndio riwaya yenyewe. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mbinguni na ardhini zikiwemo, wakarejea na maarifa na kulipwa kifungo. Aghalabu Karama husifiwa kuwa mtetezi wa wanyonge, na sifa hiyo anaistahili. Hata hivyo, inafaa iulizwe anazungumza na nani. Hazungumzi na umma wa Kusadikika. Anazungumza na baraza. Wajumbe wanafunguliwa kwa sababu mwenye enzi ameridhika, wala si kwa sababu enzi imebadilika. Hekima ya Karama haina doa kwa kuwa haijapata kutoa amri. Hajawahi kutoza kodi, kugawa ardhi wala kumfunga mtu. Vivyo hivyo katika Kufikirika, iliyochapishwa baada ya kifo cha mtunzi mwaka 1962, Utubusara Ujingahapana ni mwalimu wa mwana wa mfalme. Mwanafalsafa amefika karibu kabisa na kiti, na mtunzi amemsimamisha pale pale.

Euphrase Kezilahabi ndiye aliyethubutu kuuvuka mstari huo, katika tamthilia ya Kaptula la Marx, iliyoandikwa miaka ya 1970 ikachapishwa mwaka 1999. Rais Kapera anataka kuiongoza nchi yake kwenda Usawa, na vazi la safari ni kaptula la Marx, ambalo halimwenei. Mwanaisimu hatakosa kuuona upatanisho wa kisarufi katika anwani. Kwa kawaida husemwa kaptula ya. Hiyo la imelikuza vazi hata kabla ya pazia kufunguliwa, na tamthilia nzima imo katika silabi hiyo moja.

Kejeli hiyo ni kali na inachekesha sana jukwaani, lakini ina kasoro ambayo mahaba ya wasomaji kwa Kezilahabi yameificha. Wengi wamemwona Mwalimu Nyerere katika Kapera. Kama ndivyo, mtunzi amekosea vazi. Katika insha yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa, Nyerere alikataa kuanzia kwenye mapambano ya matabaka. Alianzia kwenye jamaa ya Kiafrika kama alivyoielewa. Lililovikwa vijiji wakati wa kuwahamisha watu, hasa kati ya 1973 na 1976, halikuwa kaptula la kuazima. Mvaaji alikuwa amelishona mwenyewe, kwa unyofu, na kwa Kiswahili fasaha. Mtu anayeazima mawazo asiyoyaelewa ni kichekesho chepesi. Anayeogofya zaidi ni yule anayeyaelewa mawazo yake barabara, akayaamini, kisha akawa na askari wa kuyatekeleza. Kapera hana hata wazo moja ambalo msomaji angelihofia kwa uzuri wake.

Katika Gamba la Nyoka (1979) Kezilahabi alikuwa amekaribia zaidi. Huko wazo linawafikia wanakijiji kupitia kwa wasomi vijana, Mambosasa na Mamboleo, na msomaji anaona linavyobadilika njiani. Ila aliyeliwaza hayupo. Akionekana Rais, hana mawazo; yakionekana mawazo, Rais hayupo.

Pengine mfano pekee wa mwenye fikra anayejihoji kwa kirefu, kwa Kiswahili, huku mkono wake ukielekea kwenye tendo lisilorudi nyuma, haukutungwa na Mswahili. Mwaka 1963, akiwa tayari Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Tafsiri hiyo huchambuliwa zaidi kwa ajili ya mizani na msamiati, kana kwamba ilikuwa zoezi la lugha tu. Lakini humo yumo Brutus, mtu wa vitabu na falsafa, anayejishawishi usiku bustanini kumuua rafiki, si kwa kosa alilolitenda, bali kwa lile ambalo huenda angelitenda akivikwa taji. Nchi ile ile, mwezi Septemba mwaka uliotangulia, ilikuwa imepitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila mashtaka.

Riwaya ambayo haijaandikwa ni ile itakayomfuata Karama asubuhi baada ya ushindi wake: baraza limeondoka, funguo za gereza zimo mikononi mwake, na Majivuno amesimama kizimbani akiomba siku sita za kujitetea.